Ulimi si maabara: Amu ina haki ya kujua kilichomo majini

Kaskazi inapokaza na visima kupungua, mazungumzo ya barazani hapa Amu hurudi pale pale. Maji ya mfereji yamekuwa ya chumvi. Chai haina ladha, sabuni haitoi povu, na mwenye uwezo hutuma mtoto dukani kununua maji ya chupa. Kiongozi akipita mtaani, swali la kwanza ni maji yatafunguliwa lini, na la pili ni kwa nini yana chumvi. Ni maswali ya haki. Lakini lipo la tatu ambalo silisikii likiulizwa, nalo ndilo linalogusa uhai wa watoto wetu: je, maji haya ni salama?

Sisi watu wa Amu tumezoea kuhukumu maji kwa ulimi. Yakiwa matamu twayaita mazuri, yakiwa ya chumvi twayaita mabaya, na hapo kesi imekwisha. Hoja yangu leo ni kwamba ulimi hauwezi kutoa hukumu hiyo. Chumvi na uchafu ni matatizo mawili tofauti. Yana vyanzo tofauti na tiba tofauti, na lile lenye kuua haraka zaidi halina ladha hata kidogo. Mpaka tutakapoanza kudai vipimo vya maabara viwekwe hadharani, tutaendelea kulilia moja na kulinyamazia jengine.

Maji yetu yatoka wapi

Kisiwa cha Amu hakina mto wala ziwa. Mji wote, kuanzia Mkomani na Langoni hadi Gadeni, Wiyoni na Kashmir, umejengeka juu ya baraka moja: vilima vya mchanga vya Shela, upande wa kusini wa kisiwa unaotazama bahari kuu. Mvua ya masika ikinyesha pale, mchanga huimeza kabla jua halijaikausha. Hushuka polepole, ikachujika, ikakusanyika chini. Kampuni ya maji ya kaunti, LAWASCO, huyavuta maji hayo kutoka kwenye visima na kuyaleta mjini kwa mabomba.

Jambo ambalo wengi wetu hatulifikirii ni kwamba maji hayo matamu hayakukaa juu ya mwamba kama yaliyo ndani ya tangi. Yameelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini ya kisiwa, kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi, kwa kuwa maji matamu ni mepesi kidogo kuliko ya bahari. Wataalamu wa maji ya ardhini wana kanuni ya zaidi ya miaka 100 kuhusu hali hii. Kwa kila futi 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, huwa kuna takriban futi 40 za maji matamu chini ya usawa huo.

Kanuni hiyo ina upande wa pili, nao ni mchungu. Ukivuta maji mpaka kina cha juu kikashuka kwa futi 1, maji ya chumvi huelekea kupanda kutoka chini kwa futi 40. Hayapandi siku moja, lakini yakishafika kwenye mdomo wa kisima hayarudi upesi. Na hayahitaji kuwa mengi. Maji ya bahari yana takriban miligramu 35,000 za chumvi katika kila lita. Changanya kikombe kimoja cha maji ya bahari na vikombe 39 vya maji safi kabisa, utapata maji yenye karibu miligramu 875 kwa lita. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema maji yaliyo chini ya miligramu 600 huwa mazuri kinywani, na yakipita 1,000 watu huanza kuyakataa. Kikombe kimoja kati ya 40 kinatosha kutupeleka karibu na mpaka huo.

Wakati huo huo idadi ya watu haijasimama. Sensa ya 2009 iliihesabu Kaunti ya Lamu kuwa na watu 101,539. Ile ya 2019 ikahesabu 143,920. Wengi wa walioongezeka wako bara, lakini kisiwani pia nyumba zimepanda ghorofa, nyumba za wageni zimeongezeka, na tangu gati ya kwanza ya bandari mpya ianze kazi Mei 2021, harakati za watu na biashara zimezidi. Kila mwenye kisima chake na pampu yake karibu na vilima vya Shela anavuta kutoka chungu kile kile. Anayejenga juu ya vilima hivyo, au kuchota mchanga wake, anapunguza mahali mvua inapoingia na kuliondoa chujio lenyewe. Na akichimba shimo la choo hapo juu, basi anatia uchafu kwenye mtungi ambao mji mzima waunywea.

Asiyeamini kwamba mji waweza kushindwa na kisima, na avuke mlango wa bahari aende Manda. Takwa ulikuwa mji wenye msikiti, ukuta na nyumba za mawe. Waliohamia Shela kutoka huko waliuacha kiasi cha miaka 300 iliyopita, na maji ya visima kugeuka chumvi hutajwa miongoni mwa sababu. Watu wa Shela hadi leo huenda kwenye lile kaburi la mnara kuomba mvua. Wametunza kumbukumbu hiyo vizazi kwa vizazi, na ni aibu kwetu sisi tunaoishi kwa maji ya Shela tukiisahau.

Hatari isiyo na ladha

Hiyo ni chumvi, nayo hutoka chini. Sasa tuangalie kinachotoka juu.

Nyumba nyingi za mji wa kale zina kisima uani na choo cha shimo karibu nacho. Kanuni ambayo maafisa wa afya huitumia sana ni kwamba kisima kiwe angalau mita 30 kutoka shimo la choo. Pima mita 30 ukiwa Mkomani. Utavuka nyumba yako, kichochoro, nyumba ya jirani, na huenda ukafika ya tatu. Ina maana hata ukikifunga choo chako, kisima chako kimezungukwa na vyoo vya wengine. Ardhi ya mchanga na matumbawe hupitisha maji kwa urahisi, na yanayomwagika kwa jirani hayajui mpaka wa kiwanja.

Ongeza mitaro iliyo wazi inayopita vichochoroni, na samadi ya punda ambayo mvua ya kwanza ya masika huisukuma yote kwa mpigo mmoja. Hapo kisima kisichofunikwa, kinachochotwa kwa ndoo na kamba inayolala chini, kinapokea kila kitu. Maji yake yanaweza kuwa maangavu na matamu kuliko ya mfereji, na mtu akayasifu. Kipindupindu hakina ladha. Homa ya matumbo haina harufu. Kuhara kwa mtoto kunaweza kuanza na maji ambayo mama yake aliyaona safi kama kioo.

Maji ya mfereji nayo yana mtego wake, na huu unahusu mgao. Bomba likiwa limejaa maji kwa nguvu muda wote, penye ufa maji husukumwa kutoka ndani kwenda nje, nawe wapoteza maji tu. Bomba likikaa tupu kwa siku mbili, nguvu ya ndani huisha, na ule ufa hugeuka mdomo. Kilicho nje huvutwa ndani. Pale ambapo bomba hupita ndani ya mtaro au kando yake, kilicho nje twakijua. Maji yanapofunguliwa, ya kwanza kufika ndooni ndiyo yaliyobeba uchafu huo. Kwa hiyo mgao wa maji ni suala la afya pia, wala si kero ya ratiba peke yake. Ndiyo maana klorini haitiwi kisimani tu ikasahauliwa. WHO inataka klorini kidogo, miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita, iwe bado imo majini yanapomfikia mtumiaji, ili iue kitakachoingia njiani.

Kisha kuna safari ya mwisho, ile ya mtungi wa lita 20 juu ya mgongo wa punda, tangi la darini lisilo na kifuniko, na kata inayozamishwa kwa mkono. Wazee wetu waliijua hatari ya maji yaliyosimama. Ndiyo maana walifuga samaki wadogo ndani ya birika za nyumbani wale viluwiluwi vya mbu. Ile ilikuwa elimu ya maji, na ilifanya kazi. Lakini samaki hali bakteria wa choo.

Lipo jambo la tatu, nalo latajwa kwa nadra mno: nitrati. Hii ni chumvichumvi itokayo kwenye kinyesi cha watu na wanyama baada ya kuoza ardhini. Mchanga waweza kuchuja bakteria wengi, lakini nitrati hupita na maji hadi kisimani. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Kwa mtu mzima si hatari kubwa. Kwa mtoto mchanga anayetengenezewa maziwa ya chupa, ikizidi miligramu 50 kwa lita yaweza kuizuia damu yake kubeba hewa, mtoto akageuka rangi ya samawati. Na hapa ushauri wa siku zote hugeuka: ukiyachemsha maji yenye nitrati huiondoi. Mvuke hutoka, nitrati hubaki, na kilichobaki sufuriani huwa kikali zaidi.

Ushauri mmoja hautoshi

Kila penye mlipuko wa kuhara tunaambiwa tuchemshe maji. Ni ushauri mzuri kwa vijidudu, na nauunga mkono. Maji yakichemka mpaka yakatoa mapovu makubwa, vijidudu vya maradhi hufa. Dawa ya klorini ya dukani, ikitumika kama chupa yake inavyoelekeza, nayo hufanya kazi hiyo kwa gharama ndogo kuliko makaa. Asiye na hata hiyo aweza kuweka maji maangavu kwenye chupa ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita 2, akailaza juani kwa saa 6. Jua letu la Amu si la kubahatisha.

Lakini hakuna hata moja kati ya njia hizo inayopunguza chumvi. Kuhusu chumvi, tusitie watu hofu kupita kiasi: WHO haijaweka kiwango cha afya cha chumvi ya majini, na mtu mzima mwenye siha huikataa kwa ulimi kabla haijamdhuru. Ila wapo wasio na siha hiyo. Mgonjwa wa presha au wa figo anaambiwa hospitalini apunguze chumvi chakulani, kisha arudi nyumbani aimeze kwenye glasi. Tafiti zilizofanywa pwani ya Bangladesh, ambako bahari imeingia visimani kama kwetu, zimehusisha maji ya chumvi na presha ya wajawazito. Hilo lapaswa kuwafikia wakunga na wauguzi wetu.

Kwa hiyo mama wa Wiyoni aliye na mtoto mchanga, mzee wa presha wa Langoni, na mwenye hoteli ya Shela wana maswali matatu tofauti kuhusu maji yale yale. Hawawezi kujibiwa kwa tangazo moja la "chemsheni maji". Wanahitaji namba.

Namba zenyewe ziko wapi?

Mimi sijawahi kuona matokeo ya vipimo vya maji yamebandikwa mtaani kwetu. Si msikitini, si kwenye zahanati, si afisi ya chifu. Sidai kwamba maji hayapimwi. Kampuni za maji nchini zinatakiwa na Bodi ya Kudhibiti Huduma za Maji kupima na kutoa taarifa, na bodi hiyo huchapisha ripoti inayozilinganisha. Lakini ripoti ya kitaifa, kwa Kiingereza, yenye asilimia ya kampuni nzima, haimwambii mkazi wa Kashmir kilichotoka kwenye mfereji wake mwezi huu. Na visima vya majumbani na vya misikiti haviko kwenye hesabu hiyo.

Sheria iko upande wetu. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 champa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Katiba haikusema maji tu. Imesema safi na salama, na usalama hauthibitishwi kwa maneno. Jedwali la Nne limeipa serikali ya kaunti jukumu la huduma za maji na majitaka. Kifungu cha 35 chatupa haki ya kupata habari zilizoko mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 yaitaka afisi ya umma ijibu ombi ndani ya siku 21. Ikikataa, kuna Tume ya Haki ya Utawala ya kupelekewa malalamiko. Ombi lenyewe ni barua ya ukurasa mmoja, tena yaweza kuandikwa kwa Kiswahili.

Najua watakaopinga. Wa kwanza atasema tukitangaza maji mabaya tutafukuza watalii. Mtalii haji Amu kunywa maji ya mfereji. Tangu siku ya kwanza anakunywa ya chupa. Anayekunywa ya mfereji na ya kisima ni mimi na wewe. Na uvumi wa mlipuko wa maradhi hudhuru biashara kuliko karatasi inayoonyesha kwamba mtaa fulani ulikuwa na tatizo mwezi jana na limetengenezwa.

Wa pili atasema wazee walikunywa visima hivi na hawakufa. Walikufa. Kipindupindu kilipita pwani hii mara kadhaa katika karne ya 19, na kile cha 1869 na 1870 kiliua maelfu Unguja peke yake, hadi James Christie, daktari aliyekuwa huko, akakiandikia kitabu kizima kilichotoka 1876. Zaidi ya hayo, wazee hawakuwa na pampu za umeme, wala ghorofa tatu za vyoo juu ya kisima kimoja.

Wa tatu, huyu nitamsikiliza zaidi, atauliza: tukishajua, tutafanya nini, nasi hatuna maji mengine? Mitambo ya kusafisha maji ya bahari ipo, na Kiunga walipata wa nguvu za jua 2018. Ni msaada, lakini mtambo wahitaji vipuri, fundi na pesa za kila mwezi, na usiwe kisingizio cha kuviacha vilima vya Shela viharibiwe. Wenzetu wa Pate, Faza na Ndau wameishi kwa majabia, wakivuna mvua na kuihifadhi. Sisi twaiacha ikimbilie baharini kupitia mitaroni.

Tupige hesabu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita mraba 1 ni lita 1. Paa la saruji au la mabati la mita mraba 60, kwa mvua ya karibu milimita 900 kwa mwaka, hupokea lita 54,000. Tukipoteza hata robo yake, zabaki zaidi ya 40,000. Familia inayotumia lita 20 kwa siku za kunywa na kupikia, ili ivuke miezi minne ya ukame wa kaskazi, yahitaji akiba ya lita 2,400. Hilo ni tangi moja la wastani. Paa la makuti halifai kwa kazi hii, na mvua ya kwanza imwagwe ioshe paa kwanza. Bado maji hayo yatiwe klorini. Lakini hayana chumvi, na yakitunzwa vyema nitrati yake ni kidogo mno. Kwa mama mwenye mtoto wa chupa, hiyo yaweza kuwa tofauti kubwa.

Tunachopaswa kudai

Naweka madai manne mezani, yote yawezekana ndani ya bajeti moja ya kaunti.

Kwanza, kila mwezi yabandikwe matokeo ya kila mtaa, kwa Kiswahili, msikitini, zahanati na shuleni. Namba nne zatosha: chumvi, klorini iliyobaki, nitrati, na bakteria wa E. coli. Hiyo ya mwisho ndiyo rahisi kuisoma, kwani katika mililita 100 za maji ya kunywa inatakiwa iwe sufuri. Si chache. Sufuri.

Pili, maafisa wa afya ya umma wavipime visima vya misikiti na vya majumbani angalau mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na baada yake. Kisima kisichofaa kunywa kitiwe alama wazi. Maji yake bado yatafaa kufulia na kuoshea.

Tatu, mipaka ya vilima vya Shela iwekwe vigingi vinavyoonekana, na orodha ya vibali vya kuchimba visima karibu navyo, ambavyo hutolewa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji, iwe wazi. Mwananchi ana haki ya kujua nani anavuta kutoka chungu chetu na kwa kiasi gani.

Nne, mabomba yaliyolala mitaroni yahamishwe kwanza kabla ya kuongeza mengine mapya. Bomba jipya lililounganishwa na lililotoboka hupeleka uchafu mbali zaidi.

Madiwani wetu wataomba tena kura zetu, na maji yatakuwamo katika kila hotuba. Watatuahidi visima, matangi na mitambo. Tuwasikilize, kisha tuwaulize namba nne za mtaa wetu za mwezi uliopita. Asiyezijua, au asiyejua pa kuziuliza, bado hajaanza kazi ya maji.